Samaki kwenye chapati kwa watoto wanaochagua chakula: migebuka, dagaa au kababu?

MamaWatatu_Mwanga

Wadau, habari za jioni. Naombeni mnisaidie kulinganisha kabla sijaenda sokoni.

Niko Mwanga, Kigoma mjini. Nina watoto watatu, wa miaka 9, 6 na 4, na hakuna hata mmoja anayemaliza kipande cha samaki. Inaniuma sana. Baba yao amekulia Ujiji kwa dagaa na ugali wa muhogo, mimi vilevile, halafu watoto wetu wanapekua bakuli kama wanatafuta sindano. Huyu wa kati mwaka jana alikwamwa na mwiba kooni, tukahangaika naye usiku mzima. Tangu hapo akiona samaki mzima na jicho lake, sahani anaisukuma.

Nimeona chakula cha Mexico kinaitwa taco. Kule Ensenada, pwani ya Baja California, samaki wanamchovya kwenye uji mzito wa unga, wanamkaanga, wanamkunja ndani ya mkate mwembamba pamoja na kabichi mbichi, mchuzi mweupe na ndimu. Nikawaza, mbona vyote hivi vipo sokoni kwetu? Nyumbani nimekipa jina la kikunjo, maana lile neno likitamkwa Kiswahili watoto watacheka mpaka chakula kipoe.

Bajeti yangu ni shilingi 8,000 kwa watu watano, mafuta na unga humohumo. Nachukua samaki gani? Na mkate uwe chapati ya ngano au wa mahindi kama wenyewe wanavyofanya?

Mvuvi_Kibirizi

Dada, kabla ya jiko angalia mwezi. Sisi tunavua usiku kwa taa. Mbalamwezi ikiwa kali taa zetu hazimvuti dagaa, na mgebuka, yule samaki wa Ziwa Tanganyika anayemfuata dagaa ili amle, naye anakuwa haba. Siku hizo mtumbwi haulipi, wengi tunabaki nchi kavu tukishona nyavu, na bei mwaloni, pale mitumbwi inaposhusha samaki, inapanda. Ukinunua siku za giza, hela yako hiyohiyo inaleta samaki wa kutosha.

Kuhe na sangara nyama yao ni nene na tamu, ila kwa 8,000 watakuishia kwenye samaki tu. Chukua migebuka. Ni mwembamba, mrefu, uti wake wa mgongo unatoka mzima ukimpasua vizuri, na pande zote mbili unapata mnofu safi. Mwambie muuzaji akupasulie mgongoni, siyo tumboni. Ukishafika nyumbani pitisha kidole juu ya mnofu kutoka mkiani kwenda kichwani, mbavu zilizobaki utazisikia zinakuchoma, uzing'oe kwa kibanio. Kwa yule aliyekwamwa na mwiba, hapa usifanye haraka hata kidogo.

Na uangalie matamvua yawe mekundu, jicho limejaa. Shombo wanayoilalamikia watoto mara nyingi ni ya samaki aliyekaa juani toka asubuhi.

MjukuuWaUjiji

Jamani, mnamruka dagaa kwenye mji wa dagaa?

Dagaa ndiye rahisi kuliko wote, na analiwa na mifupa yake, kwa hiyo mtoto anapata madini ya kujenga mifupa ambayo kwenye mnofu ni machache. Kosa letu ni kumpika mchuzi. Mtoto anaona vichwa na macho mia yanamtazama. Fanya hivi: nunua waliokaushwa kwenye vichanja, siyo waliokaushwa mchangani, maana mchanga ule hautoki hata uoshe mara saba na mtoto akiutafuna mara moja basi, umempoteza. Toa vichwa. Osha kwa maji ya vuguvugu, chuja, wakauke kabisa. Nyunyiza unga kidogo, chumvi, manjano, kaanga kwenye mafuta yaliyochemka mpaka walie kijiko kikiwagusa. Kamulia limau wakiwa wa moto.

Kwenye chapati wanakuwa wakavu wanaovunjika mdomoni. Wangu wawili wanawala mkononi kama bisi kabla hata chapati haijaiva.

MamaWatatu_Mwanga

@MjukuuWaUjiji kutoa vichwa dagaa wa watu watano inachukua muda gani?

MjukuuWaUjiji

Nusu saa, ukiwa na mkubwa wako wa miaka 9 pembeni. Mpe hiyo kazi. Mtoto aliyechambua dagaa mwenyewe anataka kuonja kazi yake.

Stesheni_Tabora

Mimi naandika kutoka Tabora, ambako mgebuka mbichi ni wa kusimuliwa. Tunaletewa waliobanikwa na dagaa wakavu. Kwa hiyo nimelazimika kutafuta njia nyingine, na kwa watoto wachaguzi naiona inashinda zote mbili mlizotaja: kababu.

Migebuka wawili waliobanikwa nawalaza kwenye maji ya moto robo saa, nachambua nyama, natupa ngozi na miba. Viazi mviringo vitano vya kati nachemsha na kuponda vikiwa vikavu, visiwe na maji. Nachanganya na kitunguu kilichokatwa vidogo sana, kitunguu saumu, majani ya giligilani, limau nusu, chumvi na yai moja. Natengeneza vidole vinene, napaka unga, nakaanga kwa mafuta machache kwenye kikaango. Vinatoka kama kumi na nane. Kila chapati vidole viwili.

Kinachonifurahisha ni kwamba mwiba hauwezi kujificha, kwa sababu nyama yote imepita mikononi mwangu. Tena samaki wawili wanalisha watu sita.

Ubaya wake upo pia, nauweka wazi: harufu ya moshi. Mwanangu mdogo aliikataa mwanzoni. Nikaongeza kiazi kimoja zaidi, akala. Kadiri alivyozoea nikawa napunguza kiazi na kuongeza samaki.

Jiko_la_Gungu

Mimi nizungumzie mkate, maana hapo ndipo wengi wanaharibu.

Mwenzenu nilijaribu wa sembe mara tatu na mara zote ulipasuka katikati. Sababu nimekuja kuielewa. Mexico mahindi wanayachemsha na chokaa, wanayalaza usiku humo humo, asubuhi wanayaosha maganda yatoke, ndipo wanasaga yakiwa bado na unyevu. Ile chokaa ndiyo inayofanya donge lishikane na likunjike. Sembe yetu imekobolewa na kusagwa kavu, haijapitia hayo. Ukiikanda na maji inakuwa kama udongo wa mfinyanzi uliokosa maji, ukikunja inakatika. Ukiisonga kwanza kama ugali laini halafu ukaichanganya na unga wa ngano nusu kwa nusu, inakubali kidogo, lakini kazi ni mara mbili.

Kaskazini ya Mexico wenyewe wanatumia ngano sana, kwa hiyo dada usijisikie umedanganya. Piga chapati, ila siyo ile yetu ya kuzungusha na mafuta tabaka kwa tabaka. Ile ni nzito, mtoto anashiba chapati samaki anabaki. Nusu kilo ya ngano, chumvi, vijiko viwili vya mafuta, maji ya vuguvugu. Kanda mpaka lilainike, funika nusu saa, gawa madonge kumi na mawili. Sukuma upana wa kisosi, nyembamba. Choma kwenye kikaango kikavu, bila mafuta, kila upande ukishatoa madoa geuza. Kila inayotoka iingize ndani ya kitambaa safi uikunje. Huo mvuke wa ndani ya kitambaa ndio unaoifanya ikunjike bila kupasuka. Ukiiacha wazi dakika tano tu imekuwa ubao.

Mwalimu_Kasulu

Chapati za maji nazo msizisahau kwa siku ambayo muda hakuna. Zinakunjika vizuri, ila zikikaa na kabichi zinalegea. Zijazwe na kuliwa palepale.

DadaWaKatonga

Mimi nina wasiwasi na mawazo ya kuficha samaki. Dada yangu alikuwa anasaga dagaa anawachanganya kwenye unga wa chapati kimyakimya. Siku mtoto alipogundua alikataa hata chapati tupu, na ilichukua wiki kumrudisha. Mwambieni ni samaki. Mtoto anaweza kuhitaji kuonjeshwa kitu mara kumi na zaidi ndipo akikubali, sasa ukimficha hizo mara kumi hazihesabiki.

Stesheni_Tabora

@DadaWaKatonga nakubaliana na wewe kabisa. Kababu zangu nawaambia ni za samaki, na wanakaa jikoni wakiniangalia nachambua.

Mpenda_Mawese

Mafuta je? Nimekaanga migebuka kwa mawese tangu nizaliwe na sioni sababu ya kubadili. Ni bei nafuu kwetu, yana vitamini A, na yanaleta rangi ya kuvutia. Kwa dagaa wakavu ni mazuri mno. Ila kwa ule mnofu uliochovywa kwenye uji wa unga nakiri alizeti inatoa ganda jepesi zaidi, na mtoto asiyependa harufu nzito ataikubali haraka.

Mchuzi mweupe: mtindi mzito, kitunguu saumu kimoja kilichopondwa, limau, chumvi. Au parachichi lililopondwa na limau. Pilipili ikae pembeni kwa wakubwa.

MamaWatatu_Mwanga

Wadau, nimerudi na majibu. Nilifanya vyote vitatu, siku tatu tofauti, ili niwe na haki ya kulinganisha.

Siku ya kwanza mnofu wa mgebuka. Nilipata wanne kwa 4,000. Unga wa ngano, kabichi, mtindi, limau na mafuta vikamaliza 4,000 iliyobaki, sikubakisha hata mia. Uji wa unga niliufanya kwa maji ya baridi, chumvi na manjano, mzito wa kushika kijiko. Minofu niliipitia miba mara mbili chini ya taa. Wa miaka 9 alikula vikunjo vitatu. Wa 4 alikula ganda akaacha samaki. Wa kati alifungua chapati, akamvunjavunja samaki wote kwa vidole kutafuta mwiba, hakuupata, akala nusu. Sikusema neno. Nilikaa nikimwangalia na moyo unanidunda.

Siku ya pili dagaa. Ndiyo iliyokuwa rahisi kuliko zote, haikufika 6,000. Lakini wa kati alikataa kabisa, kwake kila dagaa ni mwiba, na siwezi kumlaumu. Mkubwa, aliyechambua vichwa, alikula mpaka nikaficha bakuli ili baba yake apate. Mdogo alikula dagaa wenyewe bila chapati, mmoja mmoja, kwa sababu wanalia mdomoni.

Siku ya tatu kababu, kwa migebuka wawili wabichi niliowachemsha kidogo badala ya waliobanikwa, kwa hiyo ile harufu ya moshi haikuwepo. Huyu wa kati nilimkalisha na mimi tukachambua nyama pamoja. Kila mwiba aliouona aliuweka kwenye kisosi chake na kuhesabu. Alifika ishirini na tatu. Baada ya hapo alikula vikunjo viwili vizima, akaomba cha tatu. Nilitoka nje kidogo, machozi yalikuwa karibu.

Kwa hiyo kwa nyumba yangu: kababu kwa sababu ya yule wa kati, dagaa wa kukaanga siku ambayo mfuko umebana, na mnofu siku ya wageni. Nyumba isiyo na mtoto aliyeumizwa na mwiba inaweza kupanga vingine, na ningeanza na dagaa. Chapati za kisosi za @Jiko_la_Gungu hazina mjadala, kitambaa kile ni kila kitu.

Jambo ambalo sikuuliza ila limesaidia kuliko yote: nilipanga vitu mezani kwenye vibakuli, kila mtoto akajijazia na kukunja mwenyewe. Mdogo anaweka parachichi tu na kipande kimoja cha kababu. Sawa, kesho kutwa atapewa tena.

@Mvuvi_Kibirizi kaka, giza linaanza lini? Nataka migebuka sita safari hii, bibi yao anakuja kutoka Ujiji na mjukuu wake wa kati ameahidi kumpikia.

Mvuvi_Kibirizi

Mbalamwezi inaisha wiki hii, dada. Njoo Jumatano mapema, kabla jua halijapanda. Huyo kijana mje naye, nitampasulia mgebuka mbele yake aone uti unavyotoka.