Tupeane uzoefu: ipi ni tabia yake, ipi ni ugonjwa?

Nduguyenu: Wakuu, dada yangu ana baipola, ule ugonjwa wa akili wa hisia kupanda mno na kushuka mno. Jana kacheka kwa sauti, mama akaninong'oneza, "Imeanza tena?" Kumbe alikuwa amefurahi tu. Imeniuma. Mnaoishi na ndugu wa hivi, mnatofautishaje?

Mke Mkubwa: Mimi natazama usingizi. Mume wangu ni mwongeaji tangu nimjue, hiyo ni yake. Ila akilala masaa mawili na hana uchovu, siku ya nne mfululizo, nampigia daktari.

Zuhura: Hapo kwenye usingizi umemaliza.

Mkweli: Tusidanganyane. Wengine ni wakorofi tu, wanasingizia ugonjwa. Kaka yangu alitapanya ada ya wanawe, leo anasema "haikuwa mimi".

Mtulivu: Inawezekana kweli. Mimi ndiye mgonjwa. Kwa kawaida ni mpole, tena bahili, kila senti naiandika. Nilipopanda, wiki nzima sikulala. Saa tisa usiku nimeng'oa milango yote niipake rangi, bawaba zimetapakaa sakafuni, mke wangu kasimama na mtoto begani, mimi namweleza tutakavyotajirika kwa milango. Akaniomba niweke bisibisi chini. Nikamtukana tusi ambalo sijawahi kulitamka maishani. Kisha ikaja sonona, miezi mitano, nikaonekana mvivu na mwoga. Daktari akakataa kunipima haiba wakati ule, akasema sonona humpaka mtu wasiwasi na kujidharau kuliko alivyo, tusubiri nitulie. Nilipotulia nikarudi yuleyule, mpole na bahili. Lile tusi nililiombea msamaha, maana masikio yaliyolisikia ni ya mke wangu.

Zuhura: Pole sana ndugu yangu. Shemeji yupo?

Mtulivu: Yupo. Bisibisi anaitunza yeye.

Mkweli: Wangu hajaomba msamaha hata siku moja. Ndicho kinachoniuma, si hela.

Kisiki: Waache hizo dawa za baipola. Lithiamu humfanya mtu gogo. Mdogo wangu kaacha juzi, kachangamka kweli.

Mke Mkubwa: Usimshauri mtu hivyo! Kuacha lithiamu ghafla huurudisha ugonjwa upesi. Akijihisi gogo aende akapimwe damu, figo na tezi ya shingoni, dozi irekebishwe. Na huko kuchangamka, analala masaa mangapi?

Kisiki: Sijamuuliza.

Kisiki: Ngoja nimpigie.