Sauti mbili zinazofanana zinageuka uji kwenye miksi, kosa liko wapi?

kinanda_cheusi
Wakuu, naomba msaada wa wajuzi wa miksi, yaani kuchanganya sauti zilizorekodiwa. Ninaowachanganyia ni waimbaji wawili wanaoimba kwa mtindo wa Let's Eat Grandma, wale mabinti wa Norwich, Uingereza, Rosa Walton na Jenny Hollingworth, walioshibana tangu wana miaka 4. Wale sauti zao zinakaribiana, lakini kwenye albamu ya I'm All Ears (2018) kila mmoja unamsikia. Za hawa wangu zikiwekwa pamoja ni uji: maneno hayashikiki na kila "s" inapiga mara mbili. Ikwalaiza (kifaa cha kupandisha au kushusha sauti nene na nyembamba) imejaribiwa, mmoja kapunguzwa kwenye kilohezi 3, mwingine kaongezwa hapo hapo. Matokeo yake ni sauti mbili mbaya. Maiki ni kondensa mbili (zile nyepesi kunasa hata sauti ndogo), chumba kimoja, wanarekodi kwa pamoja.

fundi_wa_mawimbi
Mkuu, ikwalaiza haina kosa. Kila sauti inaingia maiki zote mbili, ile ya pili ikiipata kwa kuchelewa. Sauti husafiri kama sentimita 34 kwa milisekunde 1, kwa hiyo tofauti ya mita 1 ni karibu milisekunde 3. Ukizichanganya kwa nguvu zinazokaribiana, masafa (kasi za mtetemo wa sauti, hupimwa kwa hezi) yanafutana karibu na hezi 170, kisha 510, kisha 850 na kuendelea. Hayo mashimo huwezi kuyaziba kwa ikwalaiza, maana kilichofutika hakipo tena cha kuongeza.

Dawa: maiki iwe sentimita 20 kutoka mdomoni, na ile ya mwenzake iwe mbali na mdomo huo angalau mara 3 ya hapo, yaani 60. Ziwe kadioidi, yaani zinazosikia mbele na kuziba nyuma, waimbaji watazamane, mgongo wa kila maiki umwelekee mwenzake. Kurekodi mmoja mmoja ni safi zaidi, ila watu waliokua pamoja huvuta pumzi pamoja, na hilo hupotea wakitenganishwa. Mimi ningewaacha watazamane.

silabi_tatu
Nyongeza kuhusu "s". Maneno yetu huishia na irabu, kwa hiyo mgongano uko mwanzoni mwa silabi. Chukua mstari kama "sasa usiku umeshuka": kuna "s" tatu na "sh" moja. Mmoja atamke zote sawasawa, mwingine azilegeze, karibu aimbe "a-a u-iku ume-uka". Peke yake anasikika kama kang'olewa meno. Kwenye miksi hakuna atakayegundua. Irabu ya mwisho waikate pamoja, mmoja akimpa mwenzake ishara ya kichwa.

Halafu usipeleke mmoja kushoto kabisa na mwingine kulia kabisa. Watu wawili wakigawana hedifoni, kila mmoja atamsikia mwimbaji mmoja tu. Asilimia 30 hadi 40 kila upande inatosha kwenye kiitikio. Kwenye beti anayeongoza abaki katikati.

mpiga_filimbi
Mbona wote mnakimbilia kutenganisha? Kwenye albamu ya I, Gemini (2016) ya hao mabinti wa Norwich kufanana ndiko kulikokuwa mchezo wenyewe, na hata hilo jina ni Mapacha. Mtoa mada aamue kipande kwa kipande: hapa mtu mmoja, hapa wawili. Wakiwa wawili muda wote, sikio linachoka.

Angalia pia ala. Glokenspili, ile marimba ndogo ya vyuma, hulia oktavu 2 juu ya noti iliyoandikwa, kwa hiyo haigombani na sauti za watu. Ipige kwa fimbo ya kichwa cha mpira, maiki sentimita 40 juu yake. Kichwa cha shaba hutoboa sikio. Anayefukia maneno kwa kawaida ni sintesaiza: ipunguze desibeli 3 kati ya kilohezi 2 na 4 pale tu wanapoimba.

kinanda_cheusi
Shukrani wakuu. Na jukwaani zitumike kondensa hizo hizo?

fundi_wa_mawimbi
Hapana, zitapiga miluzi. Chukua dainamiki (maiki zisizo nyepesi kama kondensa) za kadioidi, midomo sentimita 3 hadi 5, spika ya jukwaani iwe nyuma ya maiki. Wakipitisha sauti kwenye kompyuta, bafa (kiasi cha sauti ambacho kompyuta hukusanya kabla ya kuishughulikia) iwe sampuli 128: kwa sampuli 48,000 kwa sekunde ni kuchelewa milisekunde 2.7 kila njia, kuingia na kutoka. Ukiweka 1,024 ni zaidi ya 21 kila njia, na hapo wataanza kuburuza mdundo huku wakimlaumu mpiga ngoma.