Presha ya oili inashuka injini ikipata moto, naomba ushauri

Mtafutanjia: Wakuu, habari za muda huu. Nimefunga geji ya presha ya oili kwenye gari. Asubuhi nikiwasha inasoma baa 4 na ushee. Injini ikishapata moto, nikisimama bila kukanyaga mafuta inashuka hadi 1. Nikipandisha mizunguko kufika 3000 inarudi 3. Fundi wa kwanza kasema pampu imechoka. Wa pili anataka tumwage oili ya 5W-30 tuweke 20W-50, iliyo nzito zaidi. Wa tatu anasema tuweke washa (kile kipete cha chuma) nyuma ya springi ya valvu ya presha, ile inayorudisha oili presha ikizidi. Nimsikilize nani?

Nati17: Weka nzito mkuu, geji itapanda siku hiyohiyo.

SpanaMkononi: Itapanda, sawa. Ila geji kupanda si kwamba oili nyingi imefika kwenye beringi. Pampu inasukuma ujazo fulani kila inapozunguka; presha inatokea pale oili inapobanwa kupita kwenye vinjia vyembamba. Bana mdomo wa mpira wa maji kwa kidole: presha juu, ndoo inachelewa kujaa. Ukiweka oili nzito kupita kiasi, presha inagonga kikomo, valvu inafunguka, oili inarudi ilikotoka bila kufika kwenye kranki (mhimili mkuu wa injini, unaozunguka ndani ya beringi), na wewe unaitazama geji unafurahi. Ile 4 ya asubuhi ni ubaridi tu.

MamaGasketi: Samahani kaka, si presha hiyo ndiyo inainua kranki isiguse beringi?

SpanaMkononi: Hapana dada. Kranki ikizunguka inaiburuta oili hadi penye upenyo mwembamba zaidi, na hapohapo inazaliwa presha kubwa mara nyingi kuliko ya pampu. Pampu kazi yake ni kufidia oili inayovuja pembeni na kusaidia kuondoa joto. Na hiyo washa jamani! Valvu ile hufunguka presha ikiwa juu. Kwenye baa 1 imefungwa tayari, washa inaenda kusaidia nini?

Nati17: Sasa mbona magari chakavu presha hushuka?

MzeeWaGia: Beringi zikilika upenyo unapanuka, oili inapita kiulaini, presha inashuka hata pampu ikiwa mpya. Mleta uzi, pima kina cha oili kwanza. Halafu toa sensa, funga geji ya mkono kwenye tundu lake, injini ikiwa ya moto, ulinganishe na kitabu cha gari. Geji za kubandika zinadanganya sana. Taa ya oili ikiwaka unaendesha, zima injini papo hapo. Nyingi huwaka presha ikiwa imebaki baa 0.3 hadi 0.5.

Mtafutanjia: Kitabu kinasema ikiwa ya moto isishuke chini ya 0.8. Geji ya mkono naazima kesho. Fundi wa pili pia anataka kutoa thamostati (valvu inayodhibiti maji ya kupoza injini), eti maji yaende kasi injini ipoe.

MzeeWaGia: Huyo wa pili mwache kabisa.

Nati17: 😂😂 Mimi kimya.