Diski mpya inakataliwa na RAID 1 ya mdadm

Swali: Nikiongeza /dev/sdc1 (patisheni, yaani sehemu, ya diski mpya) kwenye md0 (RAID 1 yangu, diski zinazobeba nakala ileile ya data), mdadm, programu ya Linux ya kusimamia RAID, inasema "not large enough to join array" (haina ukubwa wa kutosha kujiunga). Diski zote zimeandikwa TB 2. Kulikoni?

Jibu: Lebo isikudanganye. Linganisha baiti: `blockdev --getsize64` kwa sdb1 (iliyomo tayari kwenye md0) na sdc1. Huenda patisheni yako tu ndiyo fupi, itengeneze upya.

Jibu: Kama diski yenyewe ndiyo ndogo na unatumia mfumo wa faili wa ext4, weka nakala ya data, fanya umount (uutenganishe na mfumo), upunguze kwa resize2fs, ndipo upunguze md0 yenyewe kwa `mdadm --grow --size`. Ukianza na grow utakata mkia wa data. Kama mfumo wa faili ni XFS, sahau kupunguza, tafuta diski kubwa zaidi.

Jibu: Diski ya zamani ikiwa bado inasoma, usiifanyie --fail (kuitangaza mbovu). Mpya ikishakubaliwa: `mdadm /dev/md0 --replace /dev/sdb1 --with /dev/sdc1`. Ulinzi haukatiki wakati wa kunakili.