Waliowahi kuwa walalamikaji wa mtaa wakaishia kushika kazi, tupeane uzoefu (Kigoma na Tabora)

Habari za jioni wanajamvi. Ukikaa kijiweni Mwanga au Ujiji hukosi kusikia kamati imekula, mwenyekiti hafai. Mengine kweli kabisa. Leo nataka simulizi za waliokuwa wasemaji, halafu wakaingia kazini wenyewe. Nini kilikusogeza? Siasa za vyama tuziweke pembeni.

#2
Mimi nachuuza dagaa Kigoma. Wimbo wangu ulikuwa mmoja: viongozi wa mwalo (pale mitumbwi inaposhusha samaki) wanakusanya ushuru, dagaa bado wanaanikwa chini, mteja akitafuna anakuta mchanga. Bibi mmoja tunayeanika naye akachoka kunisikia. Akasema, "Mwanangu, kalamu unaijua. Andika bei, dagaa wa chini na dagaa wa chanja, tuone."

Nikaanza kuandika kwenye daftari. Wa chanja, yaani wanaoanikwa juu ya wavu uliotandazwa kwenye nguzo, walikuwa wanapanda bei karibu kila soko, na mvua ikinyesha hawaharibiki ovyo, kwa sababu upepo unapita juu na chini, na turubai unalitupia juu mara moja. Maneno yangu ya miaka yote hayakumsogeza mtu, daftari lilisomwa na kina mama wote. Ziwa Tanganyika lilipofungwa kuvua, 15 Mei hadi 15 Agosti 2024, wengi tulinung'unika (njaa haina adabu), ila ndiyo miezi tuliyopata nafasi ya kuchimbia nguzo za chanja. Hela ya wavu ilitoka kwenye mchezo wetu wa kupeana hela kwa zamu. Viongozi walitupa eneo, basi. Ushuru bado nauulizia.

#3
Mwangaluka wakuu. Tabora huku, mkulima wa tumbaku. Mbolea tunachukua kwa mkopo, inakatwa kwenye mauzo, na kila msimu kuna mtu anakatwa mifuko asiyoijua. Nilikuwa napiga kelele mkutanoni mpaka wakanitupia kamati ya kupokea pembejeo, nadhani ili ninyamaze. Sharti langu: mtu asaini akiwa mifuko iko mbele yake, na orodha isomwe kwa sauti kabla stoo haijafungwa. Ugomvi umepungua. Maadui wameongezeka kidogo.

#4
Nililalamika msibani wali hautoshi. Msiba uliofuata nikapewa ufunguo wa stoo ya mchele. Sina la kuongeza 😂

#5
Mleta mada, uzi huu usije ukawa wa kutuziba midomo. Mkutano mkuu wa kijiji unatakiwa kukaa kila miezi mitatu na wananchi wasomewe mapato na matumizi. Anayesimama kuuliza naye amechangia. Si kila mtu ana wavu wa kununua.

Mleta mada
#5 nakubali, kaka. Hata #2 hajaacha kuuliza. Ninayemkwepa ni yule anayesemea kijiweni, siku ya mkutano haonekani.

#5
Huyo hata mimi simtetei.

#6
Dada #2, niko upande wa Uvinza, nasi tunaanika chini. Chanja mmeinua kiasi gani?

#2
Usawa wa kiuno, mama, ugeuze bila kuinama na mbuzi wasifikie kirahisi. Wavu uwe wa matundu madogo, dagaa wetu ni wembamba. Nguzo za kati msizibanie, dagaa wabichi ni wazito, wavu utalegea. Mkiwa tayari njooni muone kwanza kabla ya kununua chochote.