Mbunge wetu ana miaka 20 Dodoma. Nimesoma Hansard zake zote (kumbukumbu rasmi za yanayosemwa bungeni), sijaona "Hapana" hata moja

Wakuu, habari za jioni. Uzi ni mrefu, nivumilieni. Jambo hili limenikaa kooni tangu 2021 na leo nalitoa lote.

Simtaji jina wala jimbo. Nikimtaja, uzi utageuka ugomvi wa vyama, vijana wake watajaa humu kutukana na hoja itazama. Waliotoka kwetu watamjua kabla hawajafika katikati. Itoshe kusema aliingia bungeni 2005, akarudi 2010, akarudi 2015, akarudi 2020. Mtoto aliyezaliwa mwaka ule alioapa leo ana kadi ya mpiga kura.

Mimi ni wakala wa miamala ya simu, kibanda changu kiko pale stendi ya hiace. Tarehe 15 Julai 2021 tozo ya Serikali kwenye miamala ya simu ilianza kukatwa. Kuna bibi ni mteja wangu wa siku zote, mwanawe yuko Dar na humtumia hela ya dawa ya presha. Hajui kusoma, kwa hiyo hunipa simu nimsomee ujumbe. Siku hiyo alikuwa ameshapiga hesabu yake: dawa, unga, nauli ya kurudi kijijini. Nikamsomea salio, nikamwambia, "Bibi, haitoki yote, kuna tozo." Akaniuliza, "Ya nani?" Nikasema ya Serikali. Akanyamaza kidogo, akaniangalia usoni, akasema, "Mjukuu wangu, sema tu kama umeichukua wewe, nitakusamehe."

Hilo neno sijalisahau. Wiki ile niliitwa mwizi na watu niliowahudumia miaka sita. Nikaandika viwango vya tozo kwenye karatasi kwa kalamu nyekundu, nikaibandika kwenye kioo, lakini wapi. Wateja wakapungua, na hao waliobaki wakawa wanahesabu hela mara tatu mbele yangu. Mwezi uliofuata ikaja kodi ya jengo kwenye LUKU, umeme wa kulipia kabla, shilingi 1,000 kila mwezi kwa nyumba ya kawaida. Mimi mpangaji nanunua umeme, nalipia kodi nyumba ya mtu.

Mwezi huohuo mheshimiwa akaja kukabidhi mabati ya shule. Mkutano ukajaa. Akashika kipaza sauti akasema hata yeye tozo zinamuumiza, na anakwenda kuwabana huko Dodoma. Watu wakashangilia, na mimi nikapiga makofi.

Usiku nikaingia kwenye tovuti ya Bunge na bando langu la wiki, nikaanza kusoma Taarifa Rasmi, yaani Hansard, za Juni 2021. Wakuu, hotuba ya bajeti ilisomwa tarehe 10 Juni. Waziri alilisema wazi jambo la tozo: shilingi 10 hadi 10,000 kwa kila muamala wa kutuma na kutoa, kulingana na kiasi. Halikufichwa. Mheshimiwa wetu akachangia mjadala siku chache baadaye. Karibu nusu ya dakika zake ni kumshukuru Mungu, kumpongeza Rais, kumpongeza Waziri, kumpongeza Naibu Waziri na watendaji wote wa wizara. Kisha barabara. Kisha gari la wagonjwa. Kisha: "Mheshimiwa Spika, baada ya kusema hayo naunga mkono hoja mia kwa mia. (Makofi)". Tozo haimo. Nilirudia mara tatu nikidhani nimeruka ukurasa.

Kura ya bajeti kwetu hupigwa kwa kuitwa majina, kila mbunge anajibu kwa kinywa chake. Alipoitwa alijibu Ndiyo. Halafu Agosti anakuja kutuambia inamuumiza!

Lakini kilichonikata maini ni kilichofuata. Tozo yenyewe iliingia kisheria kupitia Sheria ya Fedha ya 2021. Nikatafuta kura ya muswada ule, nani kasema ndiyo, nani kakataa. Nikakuta mistari miwili kwenye mabano:

(Hoja ilitolewa iamuliwe)
(Hoja iliamuliwa na kuafikiwa)

Basi. Hakuna jina, hakuna idadi. Spika anahoji, wanaoafiki waseme ndiyo, wasioafiki waseme siyo, ukumbi unanguruma, anatangaza waliosema ndiyo wameshinda, sheria imepita. Ibara kwa ibara kwenye Kamati ya Bunge Zima, yaani Bunge lote likikaa kama kamati, ni hivyohivyo: "Ibara iliyotajwa hapo juu ilipitishwa na Kamati ya Bunge Zima bila mabadiliko yoyote." Sheria inayokata hela ya dawa ya bibi yangu imepita kwa kelele, na katika ile kelele huwezi kumshika mtu hata mmoja.

Ndipo nikaamua kusoma zote, tangu 2005. Imenichukua miezi, usiku baada ya kufunga hesabu, na daftari la kaunta pembeni.

Maswali yake ya msingi karibu yote yanaanza na "Je, ni lini Serikali". Ni lini itajenga, ni lini itapeleka, ni lini itamalizia. Daraja la mto wetu ameliulizia katika Mabunge yote manne, na mara zote jibu ni lilelile, litajengwa kadri fedha zitakavyopatikana. Anasimama kwa swali la nyongeza, anamshukuru Waziri kwa "majibu mazuri", anamwomba waongozane kwenda kuona. Masika hii wanafunzi wa ng'ambo wamevuka kwa mtumbwi, daftari wamezifunga kwenye mfuko wa rambo wakaziweka kichwani. Neno "kwa nini" sijalikuta katika swali lake lolote. Kwa nini fedha iliyotengwa mwaka jana haikuja? Kwa nini mkandarasi kalipwa na kazi haipo? Katiba yetu, ibara ya 63, inasema Bunge ndicho chombo kikuu chenye madaraka, kwa niaba ya wananchi, kuisimamia na kuishauri Serikali. Kuomba ni kazi ya barua, hakuhitaji mbunge.

Na sheria kubwa? Sheria ya Makosa ya Mtandao, 2015, hakusema kitu, wakati leo hata mimi nikiandika uzi huu naiwaza. Miswada mitatu ya mafuta na gesi ya Julai 2015, iliyoletwa kwa hati ya dharura zikiwa zimebaki siku chache Bunge livunjwe, aliunga mkono. Januari 2016 TBC, televisheni ya taifa, ilipoacha kurusha Bunge moja kwa moja kwa maelezo ya gharama, shilingi bilioni 4.2 kwa mwaka, na nchi nzima ikalalamika, yeye kimya. Marekebisho ya Sheria ya Takwimu 2018, kimya. Marekebisho ya Sheria ya Vyama vya Siasa, Januari 2019, aliunga mkono. Azimio la mkataba wa bandari na Dubai, tarehe 10 Juni 2023, Jumamosi, watu wanabishana hadi vijiweni, yeye hakusimama.

Sasa sikilizeni hili la Katiba, maana ndilo linaloniuma kuliko tozo. Mwaka 2013 kwenye mabaraza ya katiba mimi nilikuwepo, nilichaguliwa na kata yangu. Tulikaa kwenye madawati ya shule ya msingi, magoti yamegonga mbao, tukajadili rasimu ya Katiba mpya iliyoandaliwa na Tume ya Jaji Warioba, mstari kwa mstari. Mambo mawili wazee wetu waliyashikilia kama roho: mbunge asizidi vipindi vitatu vya miaka mitano, na wananchi wawe na haki ya kumwondoa mbunge kabla ya muda akiwatupa. Yalikuwemo kwenye rasimu. Yalibaki hata kwenye rasimu ya pili ya Desemba 2013.

Rasimu ikaenda Bunge Maalumu, ambako wabunge wote wa Jamhuri ni wajumbe. Ilipotoka huko Oktoba 2014 ikiitwa Katiba Inayopendekezwa, ukomo wa ubunge haumo, na haki ya kumwondoa mbunge haimo. Wajumbe waliitwa majina wakapiga kura. Yeye alisema Ndiyo kwa ibara zote. Mwaka uliofuata akagombea kipindi cha tatu, na uliofuata wa uchaguzi akachukua cha nne, kile ambacho wazee wetu walikikataa kwa midomo yao. Mzee mmoja aliyesimamia hoja ile kwenye baraza letu amefariki akiamini bado "inashughulikiwa".

Najua mtakuja na utetezi, na nimeufikiria sana kabla ya kuandika. Mtasema mbunge akipinga chama anafukuzwa uanachama, na akifukuzwa anapoteza kiti kwa ibara ya 71. Kweli. Mtasema Bunge likikataa bajeti, Rais anaweza kulivunja kwa ibara ya 90, kwa hiyo hakuna atakayethubutu. Kweli pia, na hiyo ni kasoro kubwa ya Katiba. Lakini msinipige changa la macho. Bunge lililompokea mwaka 2005, lile la Spika Sitta, lilikuwa limejaa chama hichohicho, na mwaka 2008 kamati teule ya Dk. Mwakyembe ilisoma ripoti ya Richmond, ile kashfa ya mkataba wa umeme, mpaka Waziri Mkuu akajiuzulu. Novemba 2014, wengi wakiwa ni chama hichohicho, Bunge lilipitisha maazimio ya escrow, ile kashfa ya mabilioni yaliyochotwa kwenye akaunti ya Tegeta Escrow. Walisimama wabunge wa chama tawala, wakasema, na hawakufa. Yeye siku zote hizo alikuwa ndani ya ukumbi uleule.

Na hata ukiogopa kusema Hapana kwenye bajeti, kuna jedwali la marekebisho. Mbunge anaandika: ibara fulani ifutwe, au kiwango kipunguzwe. Analeta kwenye Kamati ya Bunge Zima, anajieleza. Akishindwa, ameshindwa, lakini imeandikwa na watu wake wataiona. Katika miaka 20 sijakuta jedwali la marekebisho lenye jina lake kwenye muswada wowote.

Septemba 2021 tozo zikapunguzwa kwa asilimia 30 kwa sababu nchi ilipiga kelele: akina mama sokoni, bodaboda, mawakala. Mkutano uliofuata wa Bunge mheshimiwa akasimama kuipongeza Serikali sikivu. Yaani aliunga mkono kuwekwa na akaunga mkono kupunguzwa.

Wakenya wana matatizo yao mengi na sitaki kuwapamba, wamezika vijana wao kwa ajili ya ule muswada. Ila tarehe 25 Juni 2024, Muswada wa Fedha ulipopigiwa kura, nchi nzima ilijua: 195 wameunga mkono, 106 wamekataa, kura 3 zimeharibika. Na majina yalijulikana. Mkenya wa Kakamega au Kilifi anaweza kumsimamisha mbunge wake kanisani au msikitini akamwambia, siku ile ulipiga hivi. Mimi wangu nikimsimamisha atanijibu alisema "siyo", ila sauti yake haikusikika. Nitabisha na nini?

Ninachotaka hakihitaji hata shilingi ya mkopo. Kila muswada unapofika kusomwa mara ya tatu, hatua ya mwisho bungeni, majina yaitwe kama yanavyoitwa kwenye bajeti, na orodha iwekwe kwenye ukurasa wa kila mbunge, palepale wanapoweka idadi ya maswali na michango. Idadi ya michango inanisaidia nini wakati mchango wenyewe ni pongezi? Kanuni za Bunge hutungwa na wabunge wenyewe, wanaweza kuzibadilisha mkutano ujao wakitaka.

Nasikia anajipanga tena. Vijana wake wameshaanza kupita na fulana na kutaja miradi ya mfuko wa jimbo kama vile ni hela ya mfukoni mwake, wakati ni hela ya kodi na yeye ni mwenyekiti wa kamati tu. Akija stendi nitakuwepo na daftari langu. Nitamwomba anitajie muswada mmoja, mmoja tu, aliousimamia tofauti na Serikali kwa ajili yetu.

Na nyie mlioko kwenye jimbo hili, kama kuna mwenye kumbukumbu ya siku aliyosema Hapana, aweke hapa tarehe na mkutano wa Bunge, nitaenda kuisoma usiku huuhuu na nitahariri kichwa cha uzi kwa jina langu mwenyewe.

Bibi bado yupo. Siku hizi mwanawe humtumia hela mkononi kwa kondakta wa basi la Dar, imefungwa kwenye bahasha na gundi juu. Akishuka stendi hupita kibandani kunisalimia, ila simu hanipi tena.