Tikka T3x Lite au Kimber 84M Montana: ipi inafaa kwa uwindaji wa milimani?

Swali, kutoka kwa Mpandavilima

Ndugu wawindaji, naomba mawazo yenu kabla sijafanya uamuzi. Ninawinda kwenye milima mikali, ambako mtu hutembea tangu alfajiri hadi jua linapokaribia kuzama huku bunduki ikiwa begani, na nafasi ya kupiga inapopatikana huwa ni moja tu, tena pumzi ikiwa bado haijatulia. Bunduki niliyo nayo sasa, pamoja na darubini na mkanda wake, inazidi kilo 4, nami nimeamua kutafuta bunduki nyepesi ya kukoki kwa bolti, yaani kile kipande cha chuma kinachosukumwa na kuvutwa kwa mkono ili kuingiza na kutoa risasi.

Nimebakiwa na mbili. Ya kwanza ni Tikka T3x Lite, inayotengenezwa na kiwanda cha Sako nchini Finland, yenye uzito wa takribani kilo 2.9 bila darubini. Ya pili ni Kimber 84M Montana ya Marekani, yenye uzito wa takribani kilo 2.3. Zote nazitaka katika kaliba (aina na ukubwa wa risasi) ya .308 Winchester. Je, tofauti hiyo ya gramu 600 inastahili kuwa kigezo kikuu, au kuna mambo mengine ambayo mtu aliyezitumia bunduki za aina hii angeyatanguliza?

Jibu la Mlengaji

Ndugu Mpandavilima, gramu 600 utazihisi kila saa unapopanda, na sitakuambia kwamba ni kitu kidogo. Hata hivyo, uzito unaoupunguza begani unaurudisha kwa namna nyingine pale unapofyatua, na hapo ndipo wengi wanaonunua bunduki nyepesi mno huanza kupiga vibaya bila kuelewa sababu.

Tuchukue risasi ya .308 yenye kichwa cha gramu 9.7 kinachotoka kwa kasi ya karibu mita 860 kwa sekunde, na tuseme kila bunduki imefungwa darubini na vishikizo vyenye jumla ya nusu kilo. Tikka itakuwa na kilo 3.4, na teke lake, yaani msukumo wa kurudi nyuma begani, litakuwa na nishati ya takribani jouli 21. Kimber itakuwa na kilo 2.8, na teke lake litafika takribani jouli 26. Kwa risasi ileile, nishati ya teke hupanda kwa kiwango kilekile ambacho uzito wa bunduki umepungua, kwa hiyo hakuna ufundi wa kiwandani utakaoifuta hesabu hiyo. Mpira mzuri wa kitakoni hulainisha teke, lakini hauliondoi.

Jambo la pili, ambalo mimi naliona kuwa zito zaidi, ni kwamba bunduki huanza kurudi nyuma risasi ikiwa bado ndani ya mtutu. Bunduki nzito husogea kidogo katika muda huo. Nyepesi husogea zaidi, na namna unavyoishika huamua inasogea kuelekea wapi. Ukiilaza Kimber juu ya jiwe gumu na kuiachia iruke ipendavyo, risasi itakwenda juu ya pale ulipolenga. Ukiilaza juu ya begi laini, ukaishika sehemu ya mbele kwa mkono imara na kuikaza begani kwa nguvu ileile kila mara, itakupigia vizuri sana. Kwa hiyo bunduki hii si mbaya kwa shabaha, ila inadai nidhamu ambayo Tikka haidai kwa kiwango hicho.

Tena kuna suala la pumzi. Mtu aliyepanda kwa haraka mapigo yake ya moyo huonekana kwenye msalaba wa darubini, na mtutu mwembamba wenye ncha nyepesi huyafuata mapigo hayo zaidi kuliko mtutu wenye uzito kidogo mbele. Kwa hali uliyoieleza, mimi ningechagua Tikka bila kusita.

Jibu la Fundi wa Mitutu

Nakubaliana na Mlengaji kuhusu teke, lakini naona Kimber haijatendewa haki, kwa sababu hizi mbili hazitofautiani kwa uzito tu. Zimejengwa kwa fikra mbili tofauti.

Kimber 84M inafuata njia ya Mauser ya mwaka 1898. Ina ukucha mrefu wa chuma ubavuni mwa bolti, na kitako cha ganda huingia chini ya ukucha huo mara tu risasi inapotoka kwenye magazini. Maana yake ni kwamba risasi inashikwa tangu mwanzo. Ukiisukuma bolti nusu ya safari, kisha kwa hofu au kwa haraka ukairudisha nyuma, risasi inarudi nayo. Katika Tikka, bolti huisukuma risasi mbele tu, na huishika pale inapofika mwisho wa chemba, yaani sehemu ya nyuma ya mtutu inapokaa risasi kabla ya kufyatuliwa. Ukirudi nyuma katikati ya safari, risasi ya kwanza inaweza kubaki njiani na ya pili ikaigonga kwa nyuma. Kwa mtu anayekoki kwa mwendo mmoja kamili hilo halitokei, lakini mikono iliyokufa ganzi kwa baridi haina uhakika huo.

Usalama nao una tofauti kubwa. Kimber ina kufuli lenye nafasi tatu, na nafasi ya katikati humwezesha mwindaji kufungua bolti na kutoa risasi huku pini ya kupigia ikiwa imezuiwa. Tikka ina nafasi mbili tu: ikiwa kwenye usalama, bolti pia imefungwa, kwa hiyo ili kuitoa risasi iliyomo chembani ni lazima kwanza uliondoe kufuli. Anayeshika bunduki yenye risasi kwenye mteremko wa mawe legelege anaelewa kwa nini jambo hilo linanigusa.

Hata hivyo sitaacha kuisifu Tikka palipo na sifa. Mtutu wake hufuliwa kwa nyundo chuma kikiwa baridi, na kiwanda kinaahidi kwamba risasi tatu zitakaa ndani ya dakika moja ya pembe, yaani karibu sentimita 2.9 katika mita 100. Bolti hunyanyuliwa nyuzi 70 tu, kwa hiyo vidole havigongi darubini. Kifyatulio hurekebishwa kati ya takribani kilo 1 na 2, na huachia bila kukokota. Pia toleo la T3x la mwaka 2016 lilisahihisha mambo yaliyolalamikiwa katika T3 ya mwaka 2003: kipande kinachopokea teke ndani ya kitako sasa ni cha chuma badala ya alumini, na kifuniko cha nyuma ya bolti nacho ni cha metali badala ya plastiki.

Kitako cha Kimber kimetengenezwa kwa nyuzi za kaboni na kevla, ni kigumu na hakipindi. Kile cha Tikka ni cha plastiki iliyochanganywa na nyuzi za kioo. Kinatosha kwa kazi, ingawa sehemu ya mbele huweza kubonyea kidogo ukiifunga mkanda na kuuvuta kwa nguvu.

Jibu la Msafiri wa Nyika

Naongeza machache. Pima bunduki nzima wala si bunduki tupu. Nimeona watu wakinunua bunduki ya kilo 2.3 kisha wakaifunga darubini ya gramu 800, wakapoteza nusu ya faida waliyoilipia, na bunduki ikawa nzito juu kuliko chini. Darubini ya gramu 350 hadi 450, yenye ukuzaji wa juu wa mara 9 au 10, inatosha kwa umbali ambao mtu mwenye busara atapiga mlimani. Hakikisha jicho linakaa angalau sentimita 9 kutoka kwenye kioo, hasa kwa Kimber, kwa maana ukipiga kuelekea juu mlimani kichwa husogea mbele na darubini inaweza kukupasua nyusi.

Mitutu yote miwili ni myembamba, hivyo hupata joto haraka. Unapoipima shabaha, piga risasi tatu, uache mtutu upoe kabisa, kisha uendelee. Risasi inayohesabika kwako ni ile ya kwanza kutoka kwenye mtutu wa baridi.

Mpandavilima

Nawashukuru sana nyote. Maelezo ya kufuli la nafasi tatu yamenivutia upande wa Kimber, ila hesabu ya teke imenitia wasiwasi. Je, kubadili kaliba kungesaidia? Na je, magazini zake zinatofautianaje unapotaka kuondoa risasi?

Jibu la Fundi wa Mitutu

Kungesaidia. Angalia 7mm-08 Remington, iliyotolewa mwaka 1980 kwa kulibana shingo ganda lilelile la .308. Hurusha kichwa cha gramu 9 kwa kasi inayokaribiana na ile, teke lake ni dogo kidogo, na bunduki zote mbili zimetengenezwa katika kaliba hiyo. 6.5 Creedmoor hupunguza teke zaidi, lakini kwa mnyama mkubwa mimi ningebaki na 7mm-08.

Kuhusu magazini, Tikka ina ya kuchomoa, inayobeba risasi tatu; unaichomoa, unatoa iliyomo chembani, kazi imekwisha. Ukiipoteza, bunduki inabaki ya kupakia risasi mojamoja, kwa hiyo beba ya akiba. Magazini ya Montana imefungwa ndani na haina mlango chini, hivyo risasi zote nne hutolewa kwa kukoki moja baada ya nyingine. Ukifanya hivyo, weka kufuli katikati, elekeza mtutu pasipo na mtu, na uvute bolti polepole: kitoa ganda cha Kimber ni kipande kilichosimama, kwa hiyo ukivuta taratibu risasi huangukia kiganjani badala ya kurukia majanini.

Kabla ya kulipa, omba kuzishika zote mbili zikiwa na darubini, zikiwa tupu na zimekaguliwa, ukae chini kama utakavyokaa mlimani na uangalie ni ipi inatulia mikononi mwako. Kimber ikitulia, ichukue katika 7mm-08. Ikiwa inayumba, chukua Tikka.